Ndugu mteja, mtandao unasumbua

Nasikia kuna watu wameanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo, ni mwaka wa tatu tu unanipeleka mbio, halafu laptopu yangu imekaa kwa fundi siku kumi na moja. Leo nimeichukua, nimefua, nimekula wali maharage wa pale kantini, na sasa nina hasira ya kuandika. Hivi ni lini vitu vya kisasa viliacha kuwa na mwenyewe? Namaanisha, kikikuharibikia, unamwendea nani?

Nianze na hiyo hiyo laptopu maana wengi wenu mnazo za aina yake. Ni ya mtumba, imetumika kwenye ofisi fulani huko Ulaya, mpaka leo ina stika ya namba ya mali ya kampuni ambayo sijawahi kuisikia. Ni chuma. Imeanguka kitandani mara mbili na haikusema kitu. Kilichoimaliza ni tarehe. Mnamo 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, maana yake mwanya wa usalama ukigundulika hawauzibi tena, labda ujiandikishe kwenye mpango wao wa nyongeza wa mwaka mmoja. Ukitaka Windows 11, wanataka kompyuta iwe na kitu kinaitwa TPM 2.0 na prosesa, kama ni ya Intel, iwe ya kizazi cha nane kwenda mbele. Yangu ni ya kizazi cha sita. Basi, hadithi imeishia hapo. Mashine inawaka, inaandika, inacheza muvi, lakini ameshaandikiwa cheti cha kifo huyo. Diski nayo ilikuwa imeanza kulalamika, kwa hiyo fundi akaniwekea mpya na kunipakilia Linux, ambayo ni ya bure na haiulizi umri wa prosesa. Naizoea taratibu. Jedwali zangu za risechi zimepinda kidogo, lakini tutafika.

Sasa msije mkasema naleta zile za wazee, "enzi zetu". Baba yangu mwenyewe ndiye wa kwanza kunikatalia. Yeye anakumbuka miaka ya themanini, ukitaka simu ya mezani unaomba, unasubiri, watoto wanakua, unaendelea kusubiri. Na ikija, ikikatika, unamtafuta mtu wa simu kama unatafuta mganga. Kwa hiyo sidanganyiki kwamba zamani kulikuwa na huduma na sasa hakuna. Leo nina simu mfukoni, mama yuko Njombe, tunaonana uso kwa uso wakati anamenya viazi. Hilo ni jambo kubwa na nalishukuru.

Ila kuna kitu katikati hapo kimepotea, na nitawaonyesha kwa betri.

Mjomba wangu bado ana Nokia 1100. Simu hiyo ilitoka mwaka 2003, ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi: ina tochi, kitufe chake kimefunikwa ili vumbi lisiingie. Betri yake inaitwa BL-5C. Unafungua mfuniko wa nyuma kwa kucha, unatoa betri, unaweka nyingine, umemaliza. Mpaka leo ukienda kibandani ukasema "nipe BL-5C" unapewa, maana hata redio ndogo za Mchina zinaitumia.

Halafu sikilizeni hii. Agosti 2007 Nokia wakatangaza kwamba kuna BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, ambazo zinaweza kupata moto zikiwa kwenye chaji. Wakasema: mwenye simu, toa betri yako, soma namba iliyoandikwa nyuma, kama ni mojawapo tutakubadilishia bure. Sisemi kwamba kila mtu wa kijijini alibadilishiwa. Nasema kosa lilikuwa na jina, lina tarehe, lina namba, na unaweza kulishika mkononi. Sasa linganisha na Desemba 2017, Apple walipokiri kwamba walikuwa wanazipunguza kasi baadhi ya iPhone ambazo betri zake zimechoka. Sababu waliyotoa ni kwamba zisizime ghafla, na kitaalamu inaingia akilini. Lakini mwenye simu alikuwa hajaambiwa! Yeye anaona simu imekuwa nzito, anadhani imezeeka, anaenda kununua nyingine, kumbe ilikuwa inahitaji betri tu. Kelele zilipokuwa nyingi wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka 2018, na Februari 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja.

Najua, najua, hapa hosteli wenye iPhone ni wachache na wengine wameikopa kwa ajili ya picha. Simu zetu ni hizi nyingine, ambazo nyingi nazo betri imegandishwa kwa gundi ndani. Rumeti wangu simu yake haina hata miaka miwili, inachajiwa asubuhi na saa sita mchana imeshazima. Tukaipeleka kwa fundi wetu Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Akaipuliza kwa ule mashine wa hewa ya moto, akaanza kuing'oa taratibu kama anatoa kidonda bandeji, akasema, "Dada zangu, hii simu waliitengeneza mkiwa hamjaalikwa ndani." Tulicheka sana. Lakini alikuwa anaeleza ukweli mtupu. Faida ipo, simu iliyozibwa inakuwa nyembamba na haiingizi maji kirahisi. Hasara ni kwamba kazi iliyokuwa ya kucha sasa ni ya fundi, na akikosea kidogo kioo kimepasuka.

Huko Umoja wa Ulaya wameshaliona. Tangu 20 Juni 2025 simu mpya zinazoingia sokoni kwao lazima vipuri vyake vya msingi vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo yatolewe kwa angalau miaka 5. Kumbe inawezekana! Kumbe si kwamba teknolojia "ndivyo ilivyo". Mtu akibanwa na sheria, anatengeneza kinachotengenezeka.

Haya, hayo ni ya vyuma. Kilichonifanya nikae kuandika ni pesa ya mama.

Muhula huu nilikuwa nimebakiza shilingi 380,000 za ada ili nisajiliwe, na dirisha la usajili linafungwa Ijumaa. Bumu halijatoka, si mnajua. Jumatatu jioni mama akaenda kwa wakala akaweka pesa kwenye simu, akanitumia. Laini yake ni ya mtandao mmoja, yangu ni ya mtandao mwingine. Sitazitaja, msinitafutie kesi. Mama akapata meseji kwamba pesa imetumwa, salio limekatwa, na makato juu. Mimi sikupata kitu. Nikasubiri. Nikazima simu nikawasha. Nikaangalia salio kama mara ishirini, kana kwamba likiangaliwa sana litaona aibu.

Saa tatu usiku nikapiga huduma kwa wateja wa mtandao wangu. Kwa Kiswahili bonyeza moja. Kwa huduma za pesa bonyeza mbili. Kwa kitu gani sijui bonyeza nne. Muziki. "Simu yako ni muhimu sana kwetu." Muziki. Dakika thelathini na kitu, ikakatika. Nikajaribu kuchati, nikapokelewa na roboti lenye jina zuri la kike. Nikaliandikia habari yote vizuri, kama barua. Likajibu: "Samahani, sijakuelewa. Chagua moja kati ya yafuatayo." Katika yafuatayo lililokaribia shida yangu lilikuwa "kununua bando".

Jumanne nikampata binadamu. Kaka mstaarabu sana, sauti ya taratibu, akaniambia kwao hiyo pesa haijaonekana, kwa hiyo mama awapigie wa kwake. Mama akapiga wa kwake. Wakamwambia kwao pesa ilishatoka, kwa hiyo mtoto awapigie wa kwake. Wadau, kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulianza hapa Tanzania mwaka 2014, na nakubali ni jambo la maana, nchi nyingi zilikuja kujifunza kwetu. Lakini mtu aliyejenga daraja hilo hakuweka mlinzi katikati. Ukianguka katikati ya daraja, kila upande unakuambia umeangukia kwa wenzao.

Jumatano nikaacha kipindi nikaenda dukani kwao. Nikachukua namba ya foleni, 87, wanahudumiwa 41. Dada wa dirishani aliponisikiliza akageukia kompyuta, akabonyeza, akabonyeza tena, akaniangalia kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Pole mpenzi, mfumo hauniruhusu kuona zaidi ya hapa. Subiri masaa 72."

Hapo ndipo kichwa kikaanza kuniuma kwa jambo lingine. Hebu sikilizeni tunavyozungumza. "Mtandao unasumbua." "Mfumo umegoma." "Mfumo haujaruhusu." "Pesa imeshikiliwa." Nani anasumbua? Nani kagoma? Nani kashikilia? Kwenye sentensi zote hizo hakuna mtu. Konda akikudhulumu chenji unamjua, ana sura, unaweza kumgombeza mpaka Mwenge. Mfumo utaugombezaje? Na yule dada wa dirishani nitamfokea nini, na yeye kafungiwa nje kama mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye kavaa sare. Kampuni zimegundua kwamba ukiuweka mfumo kati yako na mwenye uamuzi, hasira zote zinaishia kwenye mfumo, na mfumo hauna masikio. Halafu meseji zao zote zinaanza na "Ndugu mteja". Undugu gani huu? Ndugu ukimgongea mlango saa tatu usiku, hata kama hana msaada, atatoka na khanga akuulize una nini.

Sasa sehemu inayoniuma. Alhamisi mama akapiga. Tukaongea ya kawaida, mvua, mbolea, mdogo wangu. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, una hakika haijaingia?" Nikamwambia, "Mama, haijaingia." Akasema sawa. Baada ya kama nusu saa akapiga tena. "Wewe niambie tu, kama kuna mahali imekwama, mimi sitakasirika."

Mnaelewa alichokuwa anauliza. Mama yangu hajawahi kunishuku kwa senti. Lakini yeye ana meseji mkononi inayosema pesa imefika, imeandikwa na kampuni kubwa yenye mabango mpaka Makambako, na upande wa pili kuna mtoto wa miaka ishirini na mbili yuko Dar anasema haijafika. Ungekuwa wewe ungeamini nani? Sikumlaumu hata kidogo. Nililia bafuni tu, basi. Mashine ilikosea, na kosa lake likaja kukaa kati yangu na mama yangu. Na hilo hakuna fomu ya kulijazia. Kwenye orodha ya roboti halipo.

Aliyetuokoa ni wakala. Yule kaka wa kibandani kule Njombe ambaye mama aliweka pesa kwake. Mama alipomweleza, hakusema mtandao unasumbua. Alichukua simu ya mama, akasoma meseji, akaandika namba ya muamala kwenye daftari lake, akapiga mwenyewe ile namba wanayopewa mawakala, akakaa kwenye laini huku anahudumia wateja wengine. Akamwambia mama mbele ya watu, "Mama, mtoto hajaipata. Imekwama kati. Itakurudia wewe." Maneno saba hayo. Kampuni mbili zenye maelfu ya wafanyakazi zilishindwa kumwambia mama yangu maneno saba. Jioni ile mama akanipigia, akaanza kwa kunipa pole, na sauti yake ilikuwa imerudi.

Ada ilipatikana Ijumaa asubuhi, mama alikopa kwenye kikoba, na riba ya kikoba mnaijua. Safari hii ilitumwa na wakala yule yule kwa laini ya mtandao kama wangu, ikaingia kabla hajamaliza kunipigia. Nikasajiliwa saa nane mchana. Ile ya kwanza ilirudi kwa mama siku ya tisa, na meseji: "Ndugu mteja, muamala wako umerudishwa." Pole hakuna, sababu hakuna. Na mimi siku hiyo hiyo nikapata yangu: "Ndugu mteja, kwa kipimo cha 1 hadi 5, umeridhika kiasi gani na huduma zetu?" Khaa!

Kuna mshikaji wangu wa uhandisi, nilipomsimulia akaniambia naona kitu kidogo, nitazame kikubwa. Ana hoja. Tarehe 12 Mei 2024 si mnakumbuka intaneti ilivyokufa? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Na nyaya za upande wa Bahari ya Shamu zilikuwa zimeshakatika tangu Februari, kwa hiyo pa kukimbilia palikuwa pembamba. Tarehe 19 Julai mwaka huo huo kampuni moja ya usalama wa kompyuta, CrowdStrike, ikasambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta kama milioni 8.5 duniani zikazima, ndege zikalala viwanjani, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Mshikaji anasema kila kitu kimefungwa kwenye kamba moja, na kamba hiyo haionekani mpaka ikatike.

Sawa, nimemwelewa. Ila kamba ya baharini nikiambiwa imekatwa na meli inakuja kuunganisha, mimi natulia. Nina subira, mimi mtoto wa mkulima. Umeme ukikatika TANESCO wakisema utarudi saa kumi na mbili ukarudi saa mbili, nanung'unika nalala. Kinachonichosha si kuharibika. Kila kitu kinaharibika. Kinachonichosha ni kuharibikiwa halafu kukosa wa kumwambia.

Na kabla sijasahau, maana wengi hapa mnaishia kulalamika kitandani. Kila muamala uliokwama una namba, iandikeni mahali, msifute meseji. Ukishalalamika kwa kampuni na hawajakutatulia, unaruhusiwa kupeleka malalamiko TCRA, na lipo pia baraza la watumiaji wa mawasiliano, TCRA CCC, ambalo kazi yake ni kututetea sisi. Tena tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ile ile. Mimi bado nafikiria, maana mama ameshasema yeye hahami, amezoea menyu ya kwao, kwa hiyo nikihama inabidi nihamie kwake. Nadhani nitahamia kwake.

Jumamosi tunarudi Aggrey na rumeti kuchukua simu yake, fundi kasema betri imeshafika na tuwahi kabla ya saa nne, baada ya hapo watu wanajaa. Mwenye kioo kilichopasuka aniambie tuongozane, nauli kila mtu ya kwake.